Safari Ndefu kwa Baiskeli: Hesabu ya Jasho na Hisani

Baiskeli ni chombo kinachofahamika katika kila kijiji cha Mkoa wa Ruvuma. Hubeba mahindi kwenda mashineni, kahawa kwenda chamani, mgonjwa kwenda zahanati na mwalimu kwenda shuleni. Kwa kuwa tumeizoea mno, aghalabu hatuitazami kama chombo cha sayansi. Lakini mtu akiamua kuipanda siku tatu au nne mfululizo, kilomita 100 kila siku, ili kuchangisha fedha kwa ajili ya wenzake, maswali mengi hujitokeza ambayo katika safari ya kawaida hayamsumbui. Je, mwili unahitaji chakula kiasi gani? Kwa nini kilima kidogo humchosha mtu kuliko tambarare ndefu? Kwa nini mteremko, ambao kila mtu huufurahia, ndio wenye hatari kubwa zaidi? Na mwisho wa yote, je, jasho lote hilo linamfaa yule aliyekusudiwa kusaidiwa?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kutumia fizikia na baiolojia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari. Mifano mingi imechukuliwa katika barabara iingiayo Songea, ili mwalimu na mwanafunzi waweze kuihakiki kwa macho yao wenyewe.

Desturi isiyo ngeni

Kusafiri kwa nguvu za mwili kwa ajili ya jambo la wengi si desturi ngeni nchini. Mwaka 1967, baada ya kutangazwa Azimio la Arusha, wananchi wengi walitembea kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Kijana Seti Benjamin alifariki dunia akiwa katika matembezi ya namna hiyo, na jina lake linakumbukwa hadi leo. Kifo chake kinatufundisha pia kwamba safari ndefu si mchezo, na kwamba nia njema pekee haiulindi mwili.

Katika miaka ya karibuni baiskeli imechukua nafasi yake katika desturi hiyo. Msafara uitwao Twende Butiama, ulioanza mwaka 2019, hutoka Dar es Salaam hadi Butiama, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kwa ajili ya kumuenzi Mwalimu. Njiani washiriki hushughulika na mambo kama vile madawati ya shule na upandaji wa miti. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, safari iitwayo Pan-Mass Challenge ilianza mwaka 1980 ikiwa na waendeshaji 36 tu, waliochangisha dola 10,200 kwa ajili ya matibabu na utafiti wa saratani. Hadi sasa safari hiyo imekwisha kuchangisha zaidi ya dola bilioni 1.

Tuichukue sasa njia ya kwetu. Kutoka Makambako hadi Songea, kupitia Njombe na Madaba, ni takribani kilomita 300, yaani safari ya siku tatu kwa mwendeshaji wa kawaida mwenye maandalizi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Songea iko juu kidogo ya mita 1,000. Mtu anaweza kudhani kwamba safari hiyo ni ya kuteremka tu. Sivyo. Barabara hushuka mabondeni na kupanda tena mara nyingi, na misuli haihesabu tofauti ya mwanzo na mwisho, bali huhesabu kila kilima kilichopandwa.

Kani tatu zimpingazo mwendeshaji

Mwendeshaji hupingwa na kani tatu. Ya kwanza ni ukinzani wa tairi linapobingirika barabarani. Ya pili ni ukinzani wa hewa. Ya tatu ni uzito wake mwenyewe pindi anapopanda kilima.

Tumchukue mwendeshaji ambaye, pamoja na baiskeli na mzigo wake, ana kilo 85. Katika lami, kwa baiskeli ya kawaida ya chuma yenye matairi yaliyojazwa upepo vizuri, ukinzani wa tairi ni karibu nyutoni 7. Kani hii haibadiliki sana na mwendo. Ukinzani wa hewa, kinyume chake, huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mtu aliyekaa wima na kwenda mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, hupingwa na hewa kwa karibu nyutoni 8. Akiuzidisha mwendo wake mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne na kufika nyutoni 32.

Kazi ifanywayo katika kila sekunde, ambayo hupimwa kwa wati, ni kani mara mwendo. Katika mwendo wa kwanza tunapata 15 × 5, yaani wati 75. Katika mwendo wa pili tunapata 39 × 10, yaani wati 390. Mwendo umeongezeka mara mbili tu, lakini juhudi imeongezeka zaidi ya mara tano. Mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 75 kwa saa nyingi. Wati 390 zitamshinda baada ya dakika chache. Hii ndiyo sababu ya kisayansi ya ushauri ambao wazee wa safari huutoa siku zote, kwamba anayetaka kufika mbali asikimbilie asubuhi.

Sasa tumpandishe mtu huyo kilima chenye mwinuko wa asilimia 6, maana yake mita 6 za kupanda katika kila mita 100 za barabara. Uzito wake unamrudisha nyuma kwa kani ya 85 × 9.8 × 0.06, yaani nyutoni 50. Kani hiyo peke yake ni zaidi ya mara tatu ya kani zote za tambarare. Hata akipunguza mwendo hadi mita 2 kwa sekunde, atahitaji wati 116 hivi. Ndiyo maana mzigo usio wa lazima huachwa nyumbani: katika tambarare kilo 5 za ziada hazionekani sana, lakini katika kilima kila kilo hulipiwa.

Giya si anasa

Giya haimpunguzii mwendeshaji kazi, kwani nishati haiumbwi wala haipotei. Giya hubadili tu namna kazi hiyo inavyogawanywa kati ya kani na mwendo wa mguu, kama ifanyavyo wenzo.

Baiskeli ya giya moja yenye meno 48 mbele na 20 nyuma huenda mita 5.3 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Katika tambarare, kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, mguu huzunguka mara 57 kwa dakika, kiwango ambacho misuli hukistahimili vizuri. Lakini katika kilima tulichokitaja, kwa mita 2 kwa sekunde, mguu utazunguka mara 23 tu kwa dakika, na kani ya wastani itakiwayo kwenye pedali ni karibu nyutoni 290. Kwa kuwa mguu hausukumi kwa nguvu sawa katika mzunguko wote, kani hiyo hupanda mpaka ikaribie uzito wa mwili mzima. Mwenye baiskeli ya giya nyingi, akichagua meno 28 mbele na 28 nyuma, atatumia wati zilezile 116, lakini kani ya wastani itakuwa nyutoni 120 na mguu utazunguka mara 55.

Tofauti hiyo ndiyo inayoyaokoa magoti katika siku ya tatu. Kwa mwenye giya moja, kushuka na kuisukuma baiskeli katika kilima kikali si aibu. Ni uamuzi sahihi wa kifizikia.

Unga, maji na chumvi

Tuhesabu sasa chakula. Katika siku ya kilomita 100, kani ya nyutoni 15 ikitumika katika mita 100,000, kazi yake ni juli milioni 1.5, yaani megajuli 1.5. Tuongeze vilima: ikiwa jumla ya kupanda ni mita 1,000, kazi ni 85 × 9.8 × 1,000, yaani karibu megajuli 0.8. Jumla ni megajuli 2.3. Sehemu fulani ya nishati ya kupandia hurudishwa wakati wa kuteremka, lakini nyingi ya hiyo huishia katika breki na hewa, kwa hiyo hatutakosea sana tukiihesabu yote.

Misuli ya binadamu hugeuza kati ya asilimia 20 na 25 tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Inayobaki hugeuka joto. Kwa hiyo, ili kupata megajuli 2.3 za kazi, mwili hutumia karibu megajuli 9.2. Gramu 100 za unga wa mahindi zina megajuli 1.5 hivi. Mwendeshaji anahitaji basi nishati iliyo sawa na ya gramu 600 za unga mkavu, zaidi ya chakula chake cha kila siku. Hii si hoja ya kula ugali mtupu. Ndizi, viazi vitamu, wali na maharage vina nafasi yao. Lakini inaonyesha kwamba vyakula vya kwetu vinatosha kabisa kwa kazi hii, na kwamba hakuna haja ya vyakula vya makopo vya bei kubwa.

Joto linalobaki ni karibu megajuli 7. Lisipotolewa mwilini, mtu atazimia. Njia kuu ya kulitoa ni jasho. Kila lita ya jasho inapogeuka mvuke juu ya ngozi huondoa karibu megajuli 2.4. Kama joto lote lingetoka kwa njia hiyo, zingehitajika lita 3 hivi kwa siku. Upepo wa safari husaidia kuondoa sehemu ya joto hilo, lakini kwa upande mwingine jasho lingine hudondoka chini bila kugeuka mvuke, nalo halipozi chochote. Lita 3 ni makisio mazuri ya kuanzia.

Jasho hutoka pamoja na chumvi. Mtu anayekunywa maji matupu kwa wingi mno, kupita kiu yake, anaweza kupunguza kiwango cha sodiamu katika damu hadi akapata maumivu ya kichwa, kuchanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Kwa hiyo kanuni ni mbili: kunywa kadiri ya kiu, mara kwa mara na kidogokidogo, na kula chakula chenye chumvi njiani. Kinywaji chepesi chaweza kutengenezwa nyumbani kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Mtihani wa siku ya pili

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilishiriki safari ya hisani ya siku nne. Jambo lililonivutia kama mwanasayansi ni kwamba wengi walioacha safari hawakuacha siku ya kwanza, bali siku ya pili kabla ya adhuhuri. Maelezo yake yamo katika baiolojia.

Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni. Akiba hiyo, kwa mtu mzima, ni takribani gramu 400 hadi 500, yenye nishati isiyofika megajuli 9. Mafuta ya mwili yana nishati nyingi zaidi, lakini hutoa nishati yake polepole. Siku ya kwanza mtu huendesha kwa akiba aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Jioni, akiwa amechoka, hali vya kutosha. Asubuhi ya pili akiba imekwisha kupungua, na baada ya saa chache miguu hukataa kana kwamba si yake.

Dawa yake ni kula mapema. Misuli hupokea wanga kwa haraka zaidi katika saa chache za mwanzo baada ya kazi. Mshiriki asisubiri hadi hotuba za jioni zimalizike. Apate viazi au wali mara tu anapofika, kisha mlo kamili baadaye. Maandalizi nayo yaanze majuma mengi kabla, kwa kuongeza masafa kidogokidogo, na kuwe na siku mbili za mfululizo za mazoezi ili mwili uzoee kuamka ukiwa umechoka. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari au pumu amwone mganga kabla ya kujiandikisha.

Mteremko ni mwalimu mkali

Katika kila mita 100 za kushuka, mwendeshaji wetu wa kilo 85 hupoteza nishati ya mkao ya kilojuli 83. Nishati hiyo yaweza kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40. Asipofunga breki, katika mteremko wa asilimia 6 atafikia kilomita 42 hivi kwa saa kabla hewa haijausawazisha mwendo wake. Katika mteremko wa asilimia 8 atafikia kilomita 50. Akifunga breki, joto lote huingia katika vipande vidogo vya mpira na rimu nyembamba.

Tukumbuke pia kwamba nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili. Katika kilomita 25 kwa saa ni kilojuli 2 hivi. Katika kilomita 50 ni kilojuli 8. Masafa ya kusimama yatokanayo na breki nayo huzidi mara nne. Rimu ya chuma ikilowa maji, breki za mpira hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Kwa kuwa mvua za Ruvuma hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, safari za namna hii zafaa zipangwe kati ya Juni na Oktoba.

Kanuni za kuteremka ni hizi: punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, funga breki kwa vipindi badala ya kuzishikilia muda wote, tumia zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa uangalifu, na katika mteremko mrefu simama ili rimu zipoe. Breki zikaguliwe kila asubuhi.

Jambo jingine ni malori. Makaa ya mawe yachimbwayo Ngaka, wilayani Mbinga, husafirishwa kwa malori mazito, na barabara za mkoa huu zina magari makubwa kuliko zamani. Lori la tani 30 lina nishati ya mwendo zaidi ya mara 300 ya mwendeshaji anayekwenda kwa mwendo uleule. Hapa hakuna hoja ya nani mwenye haki ya njia. Waendeshaji waende mstari mmoja, wavae nguo za rangi ing'aayo, wasisafiri usiku, na polisi wa usalama barabarani wapewe taarifa mapema.

Faida ya kwenda pamoja

Mwendeshaji anayemfuata mwenzake kwa karibu hupata kinga ya upepo, na ukinzani wa hewa kwake hupungua kwa kiasi cha theluthi moja. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, hiyo ni nafuu ya karibu moja ya sita ya juhudi yote. Wakipokezana kutangulia, kundi zima hufika likiwa na nguvu kuliko ambavyo kila mmoja angefika peke yake. Hata hivyo jambo hili lifanywe na waliozoeana, na kamwe si katika mteremko, ambako nafasi kati ya baiskeli na baiskeli iwe kubwa.

Je, hesabu ya hisani inalingana?

Mtu mwenye busara atauliza: kwa nini fedha zisitolewe tu, bila kuhangaisha watu barabarani? Ni swali la haki. Tuchukue mfano wa kubuni. Washiriki 20, kila mmoja akiwa na wadhamini 15 walioahidi shilingi 100 kwa kila kilomita, katika kilomita 300, watachangisha shilingi milioni 9. Gharama za gari la msaada, chakula, malazi na vipuri zikifika milioni 3.6, asilimia 40 ya sadaka imeliwa njiani. Washiriki wakilala madarasani, wakala katika jiko la pamoja na kutumia gari moja, na gharama ikashuka hadi milioni 1.8, iliyoliwa ni asilimia 20. Katika Pan-Mass Challenge, tangu mwaka 2007, fedha zote zinazochangishwa na waendeshaji hupelekwa kwa walengwa, na gharama hulipwa kwa ada na misaada mingine. Kamati yoyote ya safari ya hisani haina budi kutangaza mahesabu yake hadharani, kabla na baada. Hisani isiyohesabiwa huua hisani ya mwaka unaofuata.

Lazima pia kuuliza fedha zinanunua nini. Mfano wenye ushahidi unatoka India. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipima matokeo, wakaona kwamba uandikishaji wa wasichana katika sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na tofauti kati yao na wavulana ilipungua kwa asilimia 40. Faida ilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule, kilomita 3 na zaidi. Msichana anayetembea kilomita 6 kwenda shule hutumia zaidi ya saa moja. Kwa baiskeli, katika njia nzuri, atatumia kama dakika 25. Muda huo unaookolewa, mara mbili kwa siku, kwa siku zote za muhula, ni somo zima. Kuna ulinganifu mzuri katika safari ya baiskeli inayonunua baiskeli.

Jaribio kwa darasa

Walimu wanaweza kupima ukinzani wa tairi bila vifaa vya maabara. Katika uwanja ulio sawa, siku isiyo na upepo, mwanafunzi aende kwa baiskeli na kuacha kukanyaga anapovuka mstari. Wenzake wapime muda wa mita 6 za mwisho kabla ya mstari, ili kupata mwendo wake, kisha wapime umbali aliokwenda mpaka baiskeli iliposimama. Mwendo ukiwa mita 3 kwa sekunde na umbali ukiwa mita 45, mpunguo wa mwendo ni 3² ÷ (2 × 45), yaani mita 0.1 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kilo 85, kani ni nyutoni 8.5, ambayo sehemu ndogo yake ni ya hewa. Jaribio lirudiwe kwa upepo mdogo wa tairi, kisha katika mchanga na katika nyasi, na matokeo yachorwe katika grafu.

Shule iliyokwisha kufanya jaribio hilo inaweza kwenda hatua zaidi: kupanga safari ya siku mbili ya hisani kwa walimu na wanafunzi wakubwa, ikiwa na hesabu ya chakula, maji, vilima na fedha iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe. Mpango huo ukaguliwe kama mtihani unavyosahihishwa, na safari isianze mpaka kila jibu liwe limehakikiwa.